Wi ya Sista

Jumanne, mawingu. Mvua imekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na haitaki kushuka. Samaki wa Kashikishi hawakauki.

Wiki nzima sikuandika. Sasa naweza.

Wiki iliyopita, kliniki ya misheni, Bana Mwape (huku mama wa fulani ni bana) anayetutafsiria hakuwepo. Sista, yule muuguzi muzungu kutoka Skotilandi, alikuwa anampima Chola wangu, aliyezaliwa mdogo na haongezeki. Nikamwuliza mwenyewe, kwa Kiswahili cha Pweto, ng'ambo ya ziwa nilikozaliwa: "Sista, huyu mutoto atakufa?"

Akamtazama Chola, akatabasamu. "Wi," akasema. "Wi, wi."

Ng'ambo, kwa Wabelgiji, wi ni ndiyo.

Sikulia. Nilirudi nikapika, nikafua. Baba Chola sikumwambia. Nilimnyonyesha mtoto kama mtu anayeaga.

Leo nilifuata maziwa ya unga tu. Bana Mwape alikuwepo, na muzungu mwingine, fundi seremala, anatengeneza mlango chini ya picha ya malkia wao mpya. Sista akamwinua Chola: "Wi!" Fundi akachungulia: "Piri!" Sista: "Wi!" Wakaendelea hivyo, wanacheka.

Nikamnyang'anya Sista mtoto wangu.

"We Bana Chola, unakimbia wapi?" Bana Mwape akanishika kitenge. "Hawa wanabishania maneno ya kwao!"

Akanieleza: kwa Sista, kitu kidogo ni wi. Fundi katoka visiwa vya kwao, kaskazini zaidi, na huko ni piri. Lugha yao ni moja, ila kila mmoja anaona mwenzake ndiye anayekosea. Na wi haiko kwa watoto tu. Kungoja kidogo ni wi, chai ya kikombe kizima ni wi. Ni ile "ka" yetu: katoto, kachai.

Nikamwambia nilichouliza wiki iliyopita. Akaketi kwanza. Halafu akacheka. "Sista huyu? Kiswahili hajui hata cha kuomba maji!"

Kumbe alisema katoto. Katoto, katoto.

Bana Mwape akamwuliza upya, kwa Kiingereza. Sista aliacha kucheka, akanishika mkono. Ameongezeka, akasema. Si sana, lakini ameongezeka. Aendelee na maziwa.

Nilisema nataka Chola anenepe mpaka hilo neno limkatae. Bana Mwape akanijibu kwamba huko kwa kina Sista hata mwanamume wa ndevu, mama yake anamwita wi.

Sawa. Ndevu hizo nataka kuziona.