Nalegeza Boliti ya Pikapu Yangu kwa Makusudi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama utanicheka nicheke, ila unijibu, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu anayenijua, na kusema kweli wanaonijua si wengi.

Nina miaka sitini na mmoja, nakata na kuuza vioo vya madirisha, duka ni chumba cha mbele na nyumba ni vyumba viwili vya nyuma, mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na binti yetu ameolewa mbali, hupiga simu kila Jumapili, "Baba, umekula?", nikisema nimekula anasema haya baba, basi, imeisha hiyo. Wateja wa vioo nao hawakai, mtu anakuja na vipimo kwenye karatasi, anabeba kioo chake, anaondoka kwa tahadhari hata kuaga anasahau. Kuna asubuhi mtangazaji wa redio alisema habari za asubuhi, nikamjibu nzuri, za kwako, halafu nikabaki nimesimama na kikombe mkononi, nasubiri.

Sasa, pikapu yangu ilianza kuinama mbele upande wa kushoto, vioo vikawa vinaegemea upande mmoja, nikaipeleka kwa fundi mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha matofali. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, akasema, "Kaka, kushoto kumeshuka vidole viwili." Akaniita niiname nione, kumbe mbele gari langu halina springi za kuviringika, limebebwa na vyuma viwili virefu vinavyojipinda, kila kimoja na boliti yake. "Ukikaza linanyanyuka, ukilegeza linashuka. Unageuza kidogo, unashusha jeki, unalisukasuka likae, unapima tena." Kazi ilichukua asubuhi nzima kwa sababu ya soga, mimi nimekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akaniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani, na mshauri, miaka mitatu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia alikuwa mtu wa kucheka peke yake jikoni. Fundi akaweka spana chini, akasema, "Hao ndio wazuri."

Baada ya hapo gari lilikaa sawa kabisa, nami nikawa sina sababu ya kurudi. Nilivumilia wiki mbili, kisha Jumamosi moja nikaweka jeki mwenyewe, nikaingia chini, nikailegeza ile boliti ya kushoto mizunguko mitatu, na Jumatatu nikaenda, "Fundi, imeinama tena."

Nimefanya hivyo mara nne. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akakagua mipira yote, ya tatu akabadilisha boliti. Wiki iliyopita hakupiga soga. Alipima mara tatu, akavua miwani akaifuta, akasema, "Kaka, nisamehe. Nadhani jicho limeniisha." Ameanza kuwarudisha wateja wenye kazi kama hizo, na mwisho wa mwezi anafunga gereji akaishi kwa mdogo wake, kwa kuwa, anasema, fundi ambaye kazi yake haimalizi wiki mbili si fundi tena. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kile kiti, nataka kumwambia ukweli, na kilichotoka ni "Pole, fundi." Nikisema ukweli nampoteza, nikinyamaza nampoteza vilevile. Nifanye nini?

Muuza Vioo

Mshauri anajibu:

Muuza vioo, pole kwa kufiwa. Sikukucheka. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Mtu amekupa kiti na masikio yake, wewe ukamfanya aone mikono yake imekufa. Nyumba iliyonyamaza humfanya mtu afanye vituko, hilo nalielewa, lakini kituko chako kinakula riziki ya mwenzako. Na unaendesha gari lililoshuka upande mmoja, limejaa vioo, huku watu wanavuka barabara! Ukifunga breki ghafla likavutwa pembeni, utamwandikia nani?

Unasema ukisema ukweli utampoteza. Hujui hilo. Unachojua ni kwamba unaogopa.

Nenda kesho asubuhi kabla hajapata mteja. Usiende na zawadi. Usianze na habari za marehemu, maana atakuhurumia kabla hajakusikia. Mwambie hivi: boliti nimelegeza mimi, mara zote nne, kazi yako haikuwa na kasoro. Akifoka, mwache afoke. Akikufukuza, ondoka. Gari liwekwe sawa, na yeye au na fundi mwingine, na apime pia mwelekeo wa matairi na taa, kwa sababu kimo kikibadilika navyo hubadilika. Spana yako usiipeleke tena chini ya gari hilo.

Na Jumapili binti yako akiuliza kama umekula, mwambie umekula peke yako. Mwache asikie.

Baada ya wiki tatu, muuza vioo alituandikia tena:

Mshauri, nilikwenda. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Akaniuliza, "Mara zote nne?" Nikasema zote. Akaingia chini ya pikapu, akaiweka sawa, akapima mbele ya macho yangu, kisha akasema, "Umenifanya nimwambie mdogo wangu kwamba nimezeeka," akanipa ufunguo na kunigeuzia mgongo. Sikurudi tena, ila mwisho wa mwezi nilipita kule nikaona geti liko wazi na magari mawili yamenyanyuliwa. Binti naye nilimwambia. Tukaongea mpaka chaji ikaniishia.

Jana mchana simu ililia. Ni fundi.

"Uko wapi?"

"Dukani."

"Una mteja?"

"Sina."

"Haya, njoo. Na hiyo pikapu iache huko huko. Uje kwa miguu."