Mama Mkwe Amehamia Kwenye Gari Letu la Safari

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wa mawazo kabla sijatamka neno nikalijutia. Mimi ni fundi wa sofa, mume wangu ni dereva wa kusambaza mikate, na kiwanda chao kilipobadilisha magari yeye akauziwa lile lake la zamani, akaja nalo nyumbani bado linanukia hamira, akaniambia, "Hili tulifanye chumba, likizo ikifika tuzunguke mimi na wewe." Nikamcheka, lakini jioni ileile nikaingia humo na futi kupima nafasi ya godoro. Basi tukaanza, yeye akakata bati la ubavuni akaweka dirisha, akapiga mbao sakafuni, akafunga paneli ya sola juu na betri chini, mimi nikajaza sponji kwenye kuta kuzuia joto na kuzivika kitambaa cha rangi ya maziwa, nikashona viti viwili ambavyo ukivivuta vinakutana vinakuwa kitanda, naye akanitengenezea kabati la jiko la gesi ambalo mlango wake ukiulaza unakuwa meza, na ingawa tulibishana kila msumari, nakwambia ukweli, sijawahi kufurahi na mume wangu kama kipindi kile.

Shida ni mama mkwe. Tunaishi naye, analala chumba kimoja na mabinti zangu wawili ambao hawajui kunong'ona. Gari lilipokamilika tukamkaribisha alione, akakaa, akabonyeza godoro, akasema ajinyooshe kidogo tu, akaamka jioni. Kesho yake akarudi na mto wake, ikafuata redio, zikafuata ndala, na picha ya marehemu baba mkwe ikapanda kwenye rafu niliyoitenga kwa vikombe vyangu. Sasa analala humo moja kwa moja, chai tunampelekea, na anayetaka kuingia lazima apige hodi, hata mimi niliyeshona kila uzi! Likizo inakaribia. Mume wangu nikimwambia azungumze naye, anajibu, "Mwambie wewe, nyinyi wanawake mnaelewana," halafu anaenda kukagua matairi. Mama huyu hana ubaya, nilipojifungua aliniogesha kwa mikono yake, nampenda, lakini safari hii nimeiota sana. Nitamwambiaje bila kuonekana namfukuza?

Ni mimi,
Fundi Sofa

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Sofa, kwanza hongera. Hivyo viti vinavyogeuka kitanda nimevisoma mara mbili na kijicho kimeniingia. Sasa tuzungumze.

Nilipiga ile namba uliyoniandikia ili nikuulize jambo, akapokea mama mkwe wako. Usishtuke, barua sikuitaja, nilisema tu nakutafuta. Akaniambia umepeleka viti kwa mteja na simu umeisahau nyumbani, kisha bila kuulizwa akaanza kunisifia gari, kwamba mkwe wake ana mikono ambayo hajaiona kwa mwingine. Akanieleza kuwa kwao alilala na dada zake, akaolewa kwenye nyumba iliyojaa mawifi, wakaja watoto, sasa wajukuu. "Mwanangu," akasema, "hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufunga mlango na pasiwe na mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi."

Nikamuuliza, je, wenyewe wakitaka kusafiri? Akajibu, "Nangoja waniambie. Nguo zangu nimeshazifunga kwenye mfuko, nirudi ndani. Wananizunguka tu kama watoto waliovunja sahani."

Umesikia? Mwenzio keshafunga mfuko, nyie bado mnakagua matairi. Mnamwogopa bure, na huko kumwogopa ndiko kunakomfanya ajione mzigo. Nakuhurumia, kwa sababu kitu ulichokishona kwa mikono yako ni haki yako kukifurahia, lakini hukutakiwa kuniandikia mimi kabla hujakaa na mama wa watu ukamwambia tarehe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, mumeo atangulie kuongea. Mama ni wake, na mdomo anao. Amwambie siku ya kuondoka na siku ya kurudi, wewe ukiwa umekaa hapohapo, na amshukuru kwa kubaki na mabinti. Asizungukezunguke, na asiseme "tunafikiria".

Pili, na hili ndilo kubwa, mkatieni chumba ndani ya nyumba. Usiniambie nafasi hakuna. Watu walioingiza kitanda, jiko na meza kwenye gari la mikate hawashindwi na pembe ya sebule. Jazeni sponji kwenye ukuta mtakaouweka ili kelele za mabinti ziishie hukohuko, mlango uwe na komeo kwa ndani, na rangi ya kitambaa achague mwenyewe. Anzeni kabla ya safari, alale humo walau siku chache mkiwepo, ajue si hongo ya kumtoa garini. Mabinti wafundishwe kubisha, na chumvi waitafute wenyewe.

Likizo nyingine mkitaka kumchukua, mchukueni. Hii ni yenu wawili, na huna sababu ya kuionea aibu. Mwanamke aliyelea familia na kushonea mtaa mzima viti vya kukalia anaruhusiwa kuketi.

Simu ya kazini zima. Wateja wako watakaa chini hadi urudi, sakafu haijawahi kumuua mtu.

Mshauri wako