Redio Yako Iko Mezani Kwangu, Shangazi

Shangazi mpendwa,

Redio yako ndogo bado iko mezani kwangu studio, hapa Mukendo, imefungwa kwa ule mpira wa baiskeli uliouweka wewe. Wenzangu wananitania kwamba naabudu mizimu. Waache tu.

Unakumbuka ilivyofika hapa? Meneja alikuwa hanipi raha: wasikilizaji wanahamia kwenye muziki wa simu, ulio safi, na FM yetu inasikika hafifu. Mimi fundi mitambo nikaipandisha. Niliibana sauti mpaka ya kunong'ona na ya kupaza zikalingana nguvu, nikaongeza na besi. Kwenye spika kubwa za studio meza ilitetemeka, nikajiona nimeula. Wewe kule Bugwema ukakosa mazishi ya rafiki yako wa Bunda.

Ulikuja kwa bodaboda, redio umeiviringisha kwenye kitenge, ukaiwasha mbele yangu saa ya matangazo ya vifo.

"Sikiliza na wewe. Siku hizi mtangazaji wenu anaongeaga kama yuko ndani ya debe. Jina la marehemu nilisikia, siku ya kuzika sikuisikia."

Niliona aibu, Shangazi. Miaka yote uliyonilea ulinyamazisha nyumba nzima matangazo yakianza, hata mboga ikiungua, halafu mimi ndiye niliyekuziba masikio. Hukunisema zaidi. Uliniachia redio, ukasema, "Pimia hii," ukaenda sokoni kununua nyingine.

Nikapimia hiyo. Nililegeza kule kubana, nikapunguza besi, nikaacha maneno yapumue. Hata kinyozi wa Bweri, aliyekuwa ameshahamia kwenye simu, ameturudia. Anasema siku hizi hatumuumizi kichwa. Meneja ananisifu mimi. Asante, Shangazi, maana sifa ni zako.

Mwezi uliopita tangazo lilikuwa lako. Nilivua hedifoni, nikasogeza sikio kwenye redio yako. Jina lako, Bugwema, Jumamosi, saa nane mchana. Nililia, lakini sikukosa neno.

Jumamosi hiyo, rafiki yako aliyebaki, yule wa Butiama asiye na simu, aliingia uani kabla jeneza halijatolewa ndani. Nilimuuliza nani amempa habari.

"Si redio? Wamesema vizuri, mwanangu, mpaka saa," alinijibu, akajifunga khanga vizuri. "Nimewahi."

Lala salama, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea