Vijineno vya Baba

Namwon, 3 Novemba

Mwanangu Mi-ryeong,

Waendeleaje huko Seoul, na kile kikohozi kimekwisha? Sisi ni wazima, tukimtoa baba yako. Sikupigii simu kwa sababu kutwa nzima yuko ubavuni mwangu, na haya sitaki ayasikie.

Tangu kiharusi cha Septemba amebakiwa na vijineno vinne tu: "ee", "ehee", "yaani" na "wapi". Kaka yako Gyu-cheol anasema hizo ni kelele, akili imeshakwenda. Ameleta fomu za nyumba ya wazee, anataka nitie sahihi kabla hatujatia chumvi kabichi za kimchi, achari yetu ya mwaka mzima. Miaka arobaini na mmoja nimeishi na mtu huyu, na leo sijui naongea na mume au na ukuta. Naogopa, mwanangu. Nilikucheka ulipokwenda chuoni kusomea vijineno hivyohivyo. Sasa niambie kweli.

Mama yako

Seoul, 7 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba umpe shikamoo yake. Kikohozi kimekwisha.

Usitie sahihi. Kwenye kifurushi hiki kuna kinasa sauti. Kifiche nyuma ya bakuli la kimchi, kisha mle na mpige soga kama siku zote. Usimhoji baba kama polisi. Kaka akija, muache aseme yake, kisha nirudishie kinasa.

Mwanao Mi-ryeong

Seoul, 15 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mgongo vipi? Nimekisikiliza chakula chenu mara saba, na mara ya mwisho nililia.

Vijineno hivi zamani vilikuwa maneno kamili yenye kazi zao. Midomo imevitumia hadi vikachakaa, na siku hizi kazi yao ni kushikilia mazungumzo yasianguke. Baba anaifanya kazi hiyo barabara. Ulipomsengenya shangazi Bun-rye, kila ulipovuta pumzi alikutilia "ehee", wala hakukukatiza hata mara moja. Ulipotaja bei ya kabichi akasema "wapi!" papo hapo. Maisha yake yote amewapigia ngoma waimbaji na kuwaitikia. Wewe mwenyewe unajua wanavyosema, wa kwanza mpiga ngoma, wa pili mwimbaji.

Ila kaka alipoanza habari za nyumba ya wazee, baba alinyamaza dakika nne nzima, bila hata "ee" moja. Kwetu nani hunyamaza hivyo, kama si mtu aliyekasirika? Ukuta haukasiriki, mama.

Kaka hataniamini mimi. Basi akiwepo, simulia kisa anachokijua baba, na ukikosee makusudi.

Mwanao

Namwon, 24 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Umekula? Huku leo nimelala usingizi wa kwanza tangu Septemba.

Gyu-cheol alikuja Jumapili, nikapika supu ya kambare. Nikaanza kisa cha baiskeli iliyotumbukia shambani kwenye mpunga. "Ehee," akasema baba yako. Nikasema aliyetumbukia ni mtoto wa jirani.

Akaweka kijiko chini. "Wapi!"

"Mtoto wa jirani," nikakazania.

"Wapi! Yaani..." Akamnyooshea kaka yako kidole kifuani. "Yaani!"

Gyu-cheol akacheka, halafu akafunika uso. "Ni mimi, baba," akasema. "Nilitoka na tope hadi masikioni."

"Ee," akasema baba yako, taratibu, kama anayempokea mgeni. Kaka yako alizichana fomu yeye mwenyewe, na jana alikuja kunisaidia kutia chumvi kabichi. Mikono yake mizito, lakini moyo wangu mweupe.

Barua zako nimemsomea baba yako, kisha na hii yote, maana sasa sina la kumficha. Kila mstari aliitikia "ee". Nilipofika mahali nilipoandika kuwa hila ya kukosea kisa niliibuni mimi mwenyewe, akanitazama akasema, "Wapi!"

Basi nimeufuta mstari huo. Aliyeibuni ni wewe, mwanangu.

Mama yako, na baba yako anasema ee