Kalamu ya Kitabu cha Wageni

Mama, shikamoo. Nimefika Kongwa salama, ila vumbi lake nimelila la kutosha. Wanafunzi wa chuo hiki wameshikwa na macho mekundu, nasi wa maabara tumekuja kupangusa meza na vitasa kwa pamba, tujue virusi vimejificha wapi. Kumbe mpishi mkuu alisugua bwalo zima kwa dawa tangu alfajiri. "Wageni hawapokelewi na uchafu," akaniambia kwa fahari. Nilitaka kulia! Kitu pekee ambacho hakikuoshwa ni kalamu ambayo karani, huku akifikicha macho, alitupatia tusainie kitabu cha wageni. Leo jicho langu la kushoto linawasha. Nimekukumbuka sana. Ukimaliza kusoma, nawa mikono kabla hujafuta machozi.

Mwanao, Rehema