Dawa Yako ya Kukata Njaa

Mwangaluka, Kabula mjukuu wangu. Hapa Somanda tu wazima, babu yako amevuna mpunga.

Umeuliza kama ningemeza dawa mnayoichunguza chuoni, maana magoti yangu yamechoka kubeba unene huu. Unasema mwili hujitengenezea kitu kinachofanana na bhangi, nacho hutuchochea kula, na ninyi mnataka kukizuia.

Nilipokuwa msichana kule Nkololo, tulilima pamba kwa kikundi, kwa ngoma, pamoja na mjomba wangu Masanja. Akishavuta bhangi yake, alikuwa anamaliza ugali wetu huku anacheka, nasi tunacheka naye mpaka tunasahau jua. Siku akiikosa, hagusi chakula wala hacheki. Njaa na kicheko vilimtoka pamoja, tukalima kama tuko msibani.

Basi uliponiandikia kwamba dawa ya kwanza ya namna hiyo ilipunguza watu unene ikawaachia wengine huzuni nzito, sikushangaa. Tengenezeni nyingine, iishie tumboni, isipande kichwani. Hiyo nitaimeza. Ile ya kwanza simezi, hata daktari anipigie magoti. Ugali nimeshapunguza. Kucheka sipunguzi.

Ni mimi bibi yako, mnene bado.