Mama Alivyompokea Mkaguzi wa Umeme

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, kwa sababu hata nikiwa na hasira nilifunzwa kusalimia kabla ya kusema. Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Lile goti lililokuwa linakusumbua limepona, au bado unalikokota? Nakuombea afya, na hilo nalisema kwa moyo mweupe, maana yatakayofuata si meupe sana.

Huku mimi ni mzima. Cherehani bado inanipa riziki, sare za shule hasa, na kwa kuwa naiendesha kwa miguu haidai umeme wa mtu. Wanangu wanakua kwa fujo, nguo ninazowashonea zinawabana kabla hazijachuja rangi. Mama si mzima. Barua hii ni kwa ajili yake, ingawa hajui kilichomo.

Kifua chake unakijua. Kimezidi. Hospitali wamemwazima mashine ya oksijeni aje nayo nyumbani, wakasema iwake mchana na usiku. Ni dude la kimo cha ndoo mbili, lina magurudumu na mpira mrefu unaoishia puani. Likiwaka linavuma kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na mama anarudiwa na rangi, anaongea, anagombana nasi kama zamani. Likizimwa, midomo inaanza kuwa ya kijivu. Kuazimwa mashine ni bure. Umeme wa kuiendesha si bure, na dude hilo linakula uniti bila huruma. Nikinunua leo, kesho kutwa mita inalia.

Aliyenifungua macho ni kinyozi wa pale kona, yule tuliyekuwa tukimwita Wembe. Alisikia kwa mteja wake kwamba kampuni ya umeme ina bei ya chini kwa kaya zisizojiweza, na wenye mgonjwa wa mashine wanatangulizwa. Wewe umewahi kusikia? Mimi sikuwahi. Tangazo lenyewe nililikuta ofisini kwao, limebandikwa ukutani nyuma ya mlango, na mlango huo hukaa wazi siku nzima. Ili ulisome lazima uufunge, na mlinzi hataki ufungwe. Nililisoma nimejibanza huko nyuma kama mwizi, naye ananiuliza natafuta nini.

Basi nikaanza kuzunguka. Mita ilikuwa bado na jina la baba, na marehemu hapewi punguzo, ikabidi nitafute cheti cha kifo ili wabadilishe jina. Ofisi ya mtaa wakataka daktari aandike kwanza. Daktari akataka ofisi ya mtaa waandike kwanza. Kila dirisha lilinisukumia dirisha jingine, na kila nilipopanga foleni sare za watu zililala mezani, na wazazi wa watoto wakanisema. Sitaki kukuchosha. Nataka tu ujue kwamba kuthibitisha umaskini ni kazi ya mtu mwenye nafasi, nauli na viatu vizuri, na mimi vyote hivyo nilivipata kwa kuungaunga. Mwishowe wakaniambia imebaki hatua moja: mkaguzi atakuja nyumbani aone hali yetu kwa macho yake.

Nikafurahi. Nikajiambia hapo tumefika, maana hali yetu haihitaji maelezo. Dari la chumba cha mama linavuja, makochi yamebaki mbao na misumari, na dirisha la jikoni nimeliziba kwa kipande cha boksi. Nilimwambia mama waziwazi kwamba siku hiyo tusiguse kitu chochote. Akaitikia vizuri kabisa, na mimi nikaenda shuleni kupima watoto sare.

Unamjua mama yako. Niliporudi sikuitambua sebule. Alikuwa ametuma watu kwa majirani na jamaa, na nyumba imejaa vitu vya kuazima. Makochi ya shangazi yamebebwa mzobemzobe kutoka kwake mpaka kwetu. Kinyozi ameleta kioo chake kikubwa cha dukani, na wateja wake wananyolewa bila kujiona. Pazia la mtu, zulia la mtu, bilauri za mtu. Picha yako, ile ya koti refu umeegemea gari, imefutwa vumbi ikahamishiwa katikati ya ukuta. Na mama mwenyewe amevaa gauni alilovaa siku ya harusi yangu, amekaa wima, na puani hana kitu. Mashine alikuwa ameizima, akaisukumia pembeni, akaifunika kitambaa cha kudarizi na juu yake akaweka chombo cha maua.

Nikamwambia, mama, huyu anakuja kuona shida zetu. Akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto aliyepotoka.

"Mimi sijawahi kumwonyesha mgeni shida. Sitaanzia kwa huyu."

Kabla sijayagusa hayo maua, hodi ikabishwa.

Mkaguzi alikuwa binti mdogo, mpole, viatu vimejaa vumbi la mitaa ya watu. Sina ubaya naye. Alikaa kwenye kochi la shangazi, akabonyeza kishikwambi chake. Akalitazama zulia, akabonyeza tena. Mama akamwandalia soda baridi, ya kukopa dukani, na biskuti kwenye sahani ya maua. Binti alipouliza habari za mgonjwa wa mashine, mama akasema mgonjwa ni yeye, ila siku hizi hajambo, mashine anaitumia mara mojamoja tu. Alisema hivyo kwa pumzi fupifupi, anaikata sentensi katikati ili avute hewa, na bado anatabasamu. Mimi nilisimama mlangoni na sinia, naangalia midomo yake.

Halafu likaja swali la mwisho: nyumba hii inasaidiwa na nani? Mama akageuka akaitazama picha yako.

"Mwanangu wa mwisho yuko nje," akasema. "Hakuna mwezi anaouruka. Nikitamka tu ninachotaka, ananiletea. Hatuna shida, binti yangu. Andika hivyo."

Binti akaandika.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Umwambie mama anadanganya, mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake, naye amevaa nguo ya harusi? Nikamwongezea mgeni soda.

Tulipomsindikiza na kufunga mlango, mama alianguka kwenye kochi. Nikatupa yale maua huko, nikaiwasha mashine, nikampachika mpira puani. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama biskuti zilitosha. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui nilikuwa nafanya kipi zaidi.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Ombi limekataliwa, kwa kuwa kaya ina msaada wa kudumu kutoka kwa ndugu aliye nje ya nchi. Msaada wa kudumu! Mdogo wangu, kitu cha mwisho kutoka kwako ni ile simu ya mkononi uliyomtumia mama, na wakati ule mtoto wangu wa pili alikuwa bado tumboni. Sasa anaanza shule. Una mkono wa birika, nilikwishalizoea hilo, wala sikuwa nakudai. Lakini kunyimwa kwa sababu ya vitu ambavyo hukutuma, hilo limenikwama kooni na halishuki.

Labda na wewe umebanwa huko. Labda lile gari la kwenye picha ni la mwenzio na koti ni la kuazima, na unaona haya kusema. Kama ndivyo, basi umemrithi mama, na nyinyi wawili mtaniua kwa heshima zenu. Niambie tu. Mimi si mgeni.

Nilirudi ofisini kukata rufaa. Bwana wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida pale. Akasema kila anayekataliwa huja na maneno hayohayo kwamba ndugu hatumi kitu, kwa hiyo neno langu halitoshi, na neno la mama tayari wanalo. Wanachokubali ni maandishi ya ndugu mwenyewe, yenye saini yake na nakala ya kitambulisho chake, kwamba hamsaidii mama yake. Rufaa zinafungwa mwishoni mwa mwezi ujao. Zikifungwa ni mpaka mwaka mwingine, na mimi sioni kama mama ana mwaka mwingine wa kuwasha na kuzima.

Maana ndivyo tunavyoishi. Mashine inawaka akiwa amelala. Akiamka, na mimi nimeinama kwenye cherehani, ananiibia: anaizima polepole ili abakize uniti. Juzi niliinua kichwa nikaona nyumba imekuwa kimya mno. Nikamkuta kitandani, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, kucha zimegeuka bluu. Akaniambia alikuwa anaipumzisha mashine kidogo.

Nilipomweleza habari ya hayo maandishi, alinishika mkono kwa nguvu nisizojua kama bado anazo.

"Usimwandikishe mwanangu maneno hayo," akasema. "Akishayaandika yatakuwa kweli."

Nikamwahidi sitakuomba. Sasa nakuomba.

Andika. Karatasi moja inatosha: jina lako, jina lake, kwamba wewe ni mwanawe wa kumzaa na humtumii chochote. Usieleze sababu, hawaulizi. Usiitume hapa nyumbani, ipitishe kwa kinyozi, nami nitaifikisha ofisini mwenyewe. Najua utataka kuniambia afadhali utume pesa kuliko kuandika jambo kama hilo. Nimelifikiria. Ukituma nitapokea kwa mikono miwili, mashine itawaka mpaka uniti ziishe, halafu tutarudi palepale. Ile bei ya chini haitategemea umeamkaje siku hiyo, wala kama umetukumbuka. Ndiyo maana nataka karatasi. Haitakugharimu kitu ila aibu, na aibu hiyo sisi huku tumeibeba kwa niaba yako muda mrefu.

Shangazi anakusalimu. Makochi yake yalirudi na doa la soda, na bado ananinunia. Kinyozi naye anakusalimu, anauliza kama huko unapata mtu wa kukunyoa vizuri. Wanangu wanamsalimu mjomba wao, ambaye yule mdogo anamjua kwa picha ya ukutani tu.

Mungu akulinde huko uliko, akuepushe na maradhi, na akufungulie mkono, hata kama ni wa kushika kalamu tu.

Nilikuwa nimefika hapo, mama akaniuliza nakuandikia nini. Nikamwambia ni salamu. Akautoa mpira puani ili aseme vizuri, akaniagiza nikushukuru kwa yote unayomfanyia, na nikuambie usijinyime kwa ajili yetu. Nimeandika kama alivyosema.

Dada yako, anayekupenda bado